Mipera Mitatu ya Bagira: Shajara ya Majani, Jamu na Sufuria Nyeusi

Uani kwetu Bagira, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kuna mipera mitatu ambayo marehemu baba aliipanda kabla sijazaliwa. Kila msimu ni yale yale: ndege huchukua fungu lao, funza lao, watoto lao, na yanayobaki huoza chini tukiyakanyaga usiku tunapoenda chooni. Mwaka huu nimeamua kujua miti hii inaweza kutupa nini, jikoni na mwilini, na kwa gharama gani. Nitaongeza maandishi kila hatua inapoisha, ili mwenye mpera wake aige. Yaliyokwenda sawa nitayapita mbio. Nitakaa pale nilipoharibu. Bei zote ni za hapa mjini mwaka 2024, kwa franka za Kongo.

Jumamosi, 3 Februari 2024: kuanza

Mti mmoja huzaa mapera yenye nyama ya waridi, miwili nyama nyeupe. Nilidhani nitaanza na tunda, kwa sababu tunda ndilo lenye sifa inayopimika: gramu 100 za pera lisilopikwa zina miligramu 228 hivi za vitamini C, wakati chungwa la uzito huo huo lina 53 tu. Nyuzinyuzi zake ni gramu 5 na zaidi. Na ganda usilimenye, maana nalo lina vitamini nyingi.

Mama alinisikiliza akiwa anachambua sombe (kisamvu), kisha akasema, "Wewe hangaika na tunda, binti yangu. Dawa iko kwenye majani."

Kwa mama, jani la mpera linatibu tumbo, kikohozi, meno, na nadhani hata deni. Siku hizi kuna pia zile sauti zinazozunguka kwenye simu, mtu asiyejitaja akiapa kwamba jani hilo linamaliza kansa na tifoidi kwa siku saba. Hizo nimeziacha huko huko kwenye simu. Ninachokishika ni hiki: jani lina tanini nyingi, ndiyo ule ukakasi unaokausha ulimi ukilitafuna, na lina vitu vya jamii ya kwasetini vinavyotuliza msokoto wa tumbo. Utafiti mmoja wa Meksiko, uliochapishwa 2002, uliwapa watu wenye kuhara vidonge vya majani ya mpera, na maumivu ya tumbo yakaisha mapema zaidi. Kwa hiyo Mama hakukosea kwenye tumbo. Kwenye mengine tutaona.

Nilichuma kilo 2 za majani, si yale ya ncha kabisa wala yale makongwe yenye madoa. Mvua ikaanza. Nikayashindilia kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na sukari, nikaufunga, nikasema nitayaanika kesho.

Jumamosi, 10 Februari: kilo 2 jalalani, na chai ya wino

Kesho haikuwa na jua. Wala keshokutwa. Nilipofungua mfuko siku ya nne, mvuke wa moto ulinipiga usoni kama wa marobota ya nyasi, na katikati kulikuwa na ukungu mweupe wenye manyoya. Yote yakaenda shimoni. Jani bichi linaendelea kupumua baada ya kuchumwa. Ukilifungia linajipika lenyewe. Hilo ningepaswa kulijua, nimeona maharage ya mtu yakiharibika hivyo hivyo ghalani.

Kosa la pili lilikuwa dogo, au hivyo nilidhani. Nilitaka kuonja chai ya majani mabichi huku nikisubiri jua, na sufuria zote za alumini zilikuwa na chakula. Nikachukua ile sufuria nzito ya chuma ya bibi, yenye kutu kidogo pembeni. Majani sita, maji nusu lita, dakika kumi. Chai ya mpera hutoka na rangi ya kahawia nyepesi, kama chai ya rangi iliyowekwa majani machache. Hii ilitoka nyeusi. Nyeusi ya buluu, kama wino wa shuleni. Nilichovya kidole nikaandika herufi kwenye karatasi ya unga, ikasomeka vizuri kabisa!

Nikaimwaga, nikaandika hapa: usitumie sufuria ya chuma, tumia alumini safi au ya enameli. Nikaona limekwisha.

Jumamosi, 17 Februari: kukausha kumefaulu

Nilijaribu njia mbili kwa wakati mmoja. Fungu la kwanza nililianika juani juu ya bati: kwa siku mbili likawa rangi ya tumbaku na harufu imekwisha. Fungu la pili nilililaza kwenye ungo mbili, jani moja moja bila kupandana, nikafunika kwa kipande cha chandarua kipya dhidi ya inzi (franka 2,000), nikaziweka juu ya kabati jikoni ambako joto la jiko la makala (mkaa) hupanda. Siku sita. Jani likivunjika kwa sauti ukilikunja, limeiva. Likijikunja tu, liache. Kilo 1 ya majani mabichi ilinipa gramu 380 makavu, bado ya kijani.

Kipimo chetu: kijiko kimoja cha mezani cha majani yaliyovunjwa kwa nusu lita ya maji, dakika tano za kuchemka, kuchuja. Ukizidisha dakika, ukakasi unazidi na kinywa kinakuwa kama umelamba ukuta. Nyumba nzima imeipenda. Mama amefuta chai ya kawaida na sasa birika la mpera linakaa mezani mchana na jioni, tunashushia ugali.

Jumamosi, 24 Februari: jamu iliyokuwa raba

Hapa nililia kidogo. Nilikuwa na maelekezo ya Kifaransa ya konfitiri (jamu), yakisema pika hadi kipimajoto kionyeshe digrii 105. Sina kipimajoto, nikaazima kimoja kwa profu wa kemia anayekaa nyumba ya tatu.

Kuchagua mapera peke yake ilikuwa kazi. Kati ya 40 ya kwanza niliyoyapasua, 11 yalikuwa na funza. Yale yaliyoanguka chini usiyasogelee. Chuma yanapoanza kugeuka manjano bado magumu. Kwanza inzi hawajamaliza kazi, pili pera lisiloiva sana lina pektini zaidi, na pektini ndiyo inayofanya jamu ishikane. Kilo 3, zikachemshwa kwa lita 2 za maji nusu saa, zikapondwa, zikapitishwa kwenye chujio la waya ili mbegu zibaki. Nikapata rojo kilo 2.5. Sukari kilo 1.7, maji ya ndimu tatu, kwa sababu pera lina uchachu mdogo na pektini bila uchachu haifanyi kazi.

Nikakoroga. Kipimajoto kikafika 97, 98, kikakaa hapo muda mrefu. Kikafika 100, rojo likaanza kurusha matone yanayounguza mkono (vaa mikono mirefu). Mama akasema imeiva. Nikamwambia, "Bado, Mama, karatasi inasema 105." 101. 102. Makala yakaisha, nikatuma mtoto mengine. Saa ya tatu kikafika 104, mwiko ukawa unasimama wenyewe katikati ya sufuria na rangi imekuwa ya matofali yaliyoungua. Nilipomimina, haikumiminika.

Hasara: sukari 6,800, ndimu 1,000, makala 4,500. Jumla 12,300. Tulichokipata tulikitandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, tukakikata vipande siku ya pili, tukavigaragaza kwenye sukari. Watoto wa mtaa waliviita bonboni na walirudi mara tatu. Brazil hutengeneza kitu cha namna hiyo kwa makusudi na kukiuza kwa heshima zote, lakini mimi nilikuwa nataka jamu.

Jumamosi, 2 Machi: Bukavu iko juu

Nilirudisha kipimajoto kwa hasira. "Profu, kifaa chako kinadanganya."

Hakubishana. Alibandika maji ya kawaida jikoni kwake, yakachemka hadi yakatoa mapovu makubwa, akatumbukiza kipimajoto: 95. "Sasa, dada yangu, kipi kinadanganya, kipimajoto au karatasi?"

Karatasi iliandikwa na mtu aliye karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa 100. Uso wa Ziwa Kivu peke yake uko mita 1,460 juu ya bahari, na Bagira iko juu ya ziwa. Hewa huku ni nyepesi, maji huchemka mapema, kwenye 95 hivi. Jamu huiva inapozidi kiwango cha kuchemka kwa digrii 4 au 5. Kwa mwenzetu wa pwani hiyo ni 105. Kwetu ni 100. Mimi niliipeleka digrii tisa juu, yaani niliondoa maji mengi mno. Na Mama, ambaye hajawahi kushika kipimajoto, alisema imeiva ilipofika 100 kamili. Nimemwomba radhi.

Kwa hiyo, popote ulipo: kwanza pima maji yako yanapochemka, kisha ongeza 5. Kama huna kipimajoto, weka kisahani ndani ya beseni la maji baridi, dondosha tone la jamu juu yake, subiri likipoa ulisukume kwa kidole. Likijikunja kama ngozi juu ya maziwa, epua.

Bokali (chupa za kuwekea jamu) nazo zinaguswa na jambo hilo hilo. Mahali pa chini huambiwa chemsha bokali dakika 10. Huku nachemsha 15, maana maji yetu hayana moto ule.

Mapishi ya leo, vipimo vile vile: dakika 50 tu, bokali 7 za gramu 400. Sukari 6,800, ndimu 1,000, makala 3,000, bokali zilizotumika 3,500. Jumla 14,300, yaani kama 2,040 kwa bokali. Inang'aa. Mtu asije akaila kama dawa, hata hivyo. Vitamini C nyingi imekufa jikoni na theluthi mbili ya bokali ni sukari. Mwenye kutaka afya ale pera lenyewe.

Jumanne, 12 Machi: ile sufuria imerudi

Haya sikuyapanga kwenye mradi.

Wifi yangu ana mimba ya miezi sita. Jana nilimsindikiza kliniki ya wajawazito. Mwezi uliopita damu yake (hemoglobini, gramu kwa desilita) ilikuwa 10.0, wakampa vidonge vya feri, yaani madini ya chuma, na foliki. Jana ilisoma 9.6. Mganga (huku kwetu mganga ni huyu wa joho jeupe, si yule mwingine) hakumgombeza. Aliuliza kama amekuwa akitapika, akampima malaria, hamna. Kisha akauliza, "Mama, kidonge unakinywa na nini?"

"Na chakula cha mchana, ili kisinichafue tumbo."

"Na cha kushushia?"

Wifi akanitazama. Nikajibu mimi, kwa fahari, kwamba tunakunywa chai ya majani ya mpera, ya asili, naikausha mwenyewe.

Mganga aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba tanini hukamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua, na hukamata kile cha kidonge na kile cha maharage na sombe pia. Chai ya kawaida hufanya hivyo, kahawa vilevile, na jani la mpera lina tanini nyingi. Nikasikia wino ule ukirudi machoni. Nilimsimulia habari ya sufuria ya bibi, akacheka. "Basi ulishaona. Kilichotokea kwenye sufuria ndicho kinachotokea kwenye tumbo la huyu. Tofauti ni kwamba tumbo hulioni."

Jioni sikuamini mpaka nijaribu. Nilisaga kidonge kimoja cha feri, nikagawa unga mara mbili. Nusu moja kwenye kikombe cheupe cha chai ya mpera, nusu nyingine kwenye maji ya mapera yaliyoiva, yaliyochujwa. Mwanzoni hakuna kitu. Nikakoroga, nikaenda kufunga kuku, niliporudi kikombe cha kwanza kilikuwa na moshi mweusi unaoshuka chini kama tope la mvua. Wifi alikiinamia muda mrefu bila kusema. Cha pili kilibaki na rangi yake ya waridi.

Hapo ndipo nilipoelewa mti wetu. Tunda na jani havifanyi kazi moja. Vitamini C ya tunda husaidia mwili kuchukua chuma cha mimea, jani hukifunga. Sisi tulikuwa tunakula maharage, tunashushia kwa jani, halafu mapera tunayachemsha kuwa jamu. Kila kitu kinyume.

Siwezi kuapa kwamba chai ndiyo iliyoshusha damu ya wifi. Wiki nne ni chache, na tofauti ya 0.4 inaweza kuwa kipimo tu, au mtoto anayekua tumboni. Lakini mpango umebadilika leo leo:

Birika la mpera limeondoka mezani. Anayetaka chai hiyo aache nafasi ya saa mbili kati yake na chakula. Wifi haigusi tena hadi ajifungue, maana mganga hataki majani ya kuchemsha kwa mjamzito, ya mpera au ya kitu kingine. Kidonge chake anakinywa na maji, na pera moja zima pembeni. Na kwenye maharage ya kila mtu, nusu pera, na ganda lake.

Jumanne, 19 Machi: tumbo la mtoto

Mtoto wa kaka, miaka minne, aliamka anahara. Mama alikuwa tayari na majani. Nilimwomba kwanza tumpe maji ya chumvi na sukari, kwa sababu huku Kivu kipindupindu ni mwenyeji na mtoto hauawi na kuhara kwenyewe, anauawa na kukaukiwa. Kama huna pakiti ya dukani: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Tulimpa kidogo kidogo kwa kijiko. Kituo cha afya kilimwongezea zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku kumi.

Chai ya majani tulimpa pia, ya Mama, lakini ya kwanza ilikuwa kali mno akaitapika. Ya pili nyepesi ilikaa. Alipona siku ya pili. Mama anasema ni jani. Mimi nasema ni maji. Tumeachia hapo. Angekuwa anatoa maji meupe kama ya mchele, au damu, au macho yamezama, tusingekuwa na muda wa ubishi huo, tungekimbia.

Jumamosi, 30 Machi: hesabu kabla ya Pasaka

Mapishi ya tatu ya jamu, sawa na ya pili, bokali 7 nyingine, 14,300. Nimeuza 9 kati ya 14 kwa 4,000 kila moja, nyingi kwa watu wanaoenda sokoni Kadutu wanaopita mbele ya nyumba. Majani makavu nimeuza vifurushi 12 vya karatasi kwa 1,000 kila kimoja (karatasi zote ziligharimu 1,000).

Zilizoingia 48,000. Zilizotoka, pamoja na ile raba ya Februari na chandarua, 43,900. Nimebaki na 4,100, bila kuhesabu migongo ya watoto waliobeba maji kwa bidoni wakati bomba lilikuwa kavu wiki nzima.

Kwenye kila kifurushi nimeandika kwa mkono: si pamoja na chakula, si kwa mjamzito, na anayemeza dawa ya sukari aulize mganga kwanza. Hilo la mwisho ni kwa sababu ya mzee jirani. Alikuja kununua bokali mbili za jamu, eti ni dawa ya kisukari chake kwa kuwa ni mpera. Nilimnyima, akaona kiburi. Nilimweleza kwamba ni jani ndilo linalosemwa hivyo: huzuia kidogo vimeng'enya vinavyovunja wanga, sukari isipande kwa kasi baada ya kula, na Japani chai yake inauzwa kwa kazi hiyo. Lakini yeye tayari ana vidonge vinavyoshusha sukari, na viwili vikishusha pamoja anaweza kuanguka njiani. Ameondoka na mapera matatu ya bure na hasira nusu.

Jumapili, 14 Aprili: nyongeza

Bokali moja imeota ukungu. Ilikuwa na mfuniko wa zamani wenye kutu ndani, niliuona nikaupuuza. Nimeitupa yote, kukwangua juu hakusaidii, mizizi yake huwa imeshashuka. Mifuniko mipya inauzwa 300, nitanunua.

Damu ya wifi jana: 10.5. Mganga ameandika, hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Mama bado ana chai yake. Saa nne asubuhi anatoka na kikombe, anakaa kwenye kigoda chini ya mti wa waridi, anakunywa peke yake mbali na chakula cha mtu yeyote. Mchana anampasulia wifi pera na kuondoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu, ingawa nimemwambia mara ngapi sijui kwamba mbegu hazina neno.